Toronto, Kwenye Barafu ya Mabeki na Marefa

Mpwa wangu aliponialika Toronto nikamwone mwanawe wa kwanza, nilimjibu kwamba nitakuja, ila naye anifanyie jambo moja: anipeleke kwenye mechi ya mpira wa magongo wa barafuni, ya ligi kuu yenyewe, NHL. Nimecheza magongo ya uwanja wa nyasi tangu shuleni Mombasa, nikiwa beki, na goti lilipokataa nikachukua filimbi nikawa mwamuzi. Beki na refa wana fungu moja duniani: majina yao husikika siku waliyokosea. Nilitaka kuwaona watu hawa wawili wanavyofanya kazi mahali ambapo mchezo unakwenda kasi kuliko pengine popote.

Nilitoka Mombasa hadi Nairobi, nikaunganisha ndege Addis Ababa, na baada ya usingizi wa vipande vipande nikajikuta Pearson, uwanja wa ndege wa Toronto. Ilikuwa Februari. Kwetu huo ni mwezi wa jua la utosi; kule mpwa wangu alinipokea na koti mkononi, akanivisha kabla hatujaukaribia mlango. "Mjomba, funga mpaka shingoni," aliniambia, na hakuwa ametia chumvi. Treni ya uwanja wa ndege inafika stesheni kuu, Union Station, chini ya nusu saa, na Scotiabank Arena, nyumbani kwa Toronto Maple Leafs, imepakana na stesheni hiyo kiasi kwamba mtu hushuka kwenye treni akaingia mchezoni bila kukanyaga theluji.

Barafu yenyewe haikuwa ngeni kabisa machoni pangu. Nairobi tunao uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, na hapo ndipo timu ya Kenya Ice Lions ilipozaliwa na kukulia. Mwaka 2018 vijana hao waliletwa Kanada wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wawili wakubwa wa NHL, wakavaa jezi za Kenya wakacheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini Panari ni sehemu ya uwanja tu. Mchezo wenyewe, wenye mapana na marefu yake, nilikuwa sijauona kwa macho yangu.

Asubuhi ya siku ya mechi mpwa wangu alinipeleka Hockey Hall of Fame, jumba la kumbukumbu za mchezo huu, kwenye kona ya barabara za Yonge na Front, ndani ya jengo la benki lililojengwa mwaka 1885. Humo ndimo linamokaa Kombe la Stanley, zawadi ya gavana mkuu wa Kanada, Lord Stanley, ya mwaka 1892, lenye majina ya wachezaji washindi yaliyochorwa pete juu ya pete. Maple Leafs mara yao ya mwisho ilikuwa 1967, na wenyeji wa mji huo huutaja mwaka huo kwa sauti ya mtu anayetaja msiba.

Mimi sikufuata kombe. Nilitaka kujua kama waamuzi nao wanakumbukwa. Wanakumbukwa: wana daraja lao la heshima, kando ya wachezaji. Mmoja wao ni Bill Chadwick wa New York, aliyechezesha ligi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1955. Akiwa kijana mchezaji alipigwa na paki, kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, jicho la kulia likapofuka. Akahamia kwenye filimbi, akaichezesha ligi ngumu kuliko zote kwa jicho moja, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa zile ishara za mikono ambazo kwazo refa wa hoki huonyesha kosa lililotendeka, maana kelele za uwanjani zilikuwa zinaimeza sauti yake. Jumba hilohilo linamtukuza Willie O'Ree, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, aliyeingia barafuni na Boston Bruins mjini Montreal tarehe 18 Januari 1958. Naye jicho lake la kulia lilikuwa limeharibiwa na paki, akalifanya siri ili asizuiwe kucheza. Mchezaji na refa, kila mmoja na jicho lake moja, na mchezo wa kasi ile. Nilikaa muda mrefu mbele ya habari hizo mbili.

Jioni tulipokelewa na mzee mmoja wa asili ya Goa, mzaliwa wa Nairobi, rafiki wa ukweni kwa mpwa wangu. Alihamia Kanada miaka ya 1970, na Kiswahili chake ni cha Nairobi ya enzi zile, hakijabadilika. Ana tiketi za msimu tangu Maple Leafs walipokuwa uwanja wao wa zamani, Maple Leaf Gardens, waliouacha mwaka 1999. Aliposikia nimecheza beki, jina la kwanza lililomtoka ni Avtar Singh Sohal, beki na nahodha wetu aliyekwenda Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. "Ile timu ilishika nafasi ya nne duniani, Barcelona, 1971," alisema. "Watoto wa huku nikiwaambia Kenya ilikuwa ya nne duniani kwa magongo, wanadhani nimezeeka vibaya." Kwa hiyo kabla hata barafu haijasafishwa tulikuwa tumekwisha kuwa ndugu.

Tulikaa pembeni, safu za chini, karibu na kona. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, wakati uwanja wetu wa magongo una mita 91.4 kwa 55. Ndani ya nafasi hiyo ndogo wamo wachezaji 12, makipa wakiwemo, pamoja na waamuzi wanne: marefa wawili wenye utepe wa rangi ya chungwa mikononi, na washika mstari wawili ambao kazi yao kubwa ni kuangalia kuotea na kuachia paki mchezo unapoanza. Paki ni kisahani cha mpira mgumu, kipenyo sentimita 7.6, uzito usiozidi gramu 170, nayo hugandishwa kabla ya mechi ili isidundedunde. Uwanja mzima umezungukwa na ukuta, na juu ya ukuta kuna kioo.

Ukuta huo ndio ulionifungua macho. Kwetu beki akibanwa, anabutua mpira nje, anapumua, wenzake wanajipanga. Barafuni hakuna nje. Ukuta unairudisha paki uwanjani, tena mara nyingi kwa pembe usiyoitarajia, na adui anakujia akiwa na kasi ambayo miguu mitupu haiwezi kuifikia. Beki anayeifuata paki kwenye kona anaifuata akiwa ameupa mgongo uwanja wote. Kabla hajaigusa lazima awe amechungulia juu ya bega, ajue nani anakuja, kutoka upande gani, na mwenzake amesimama wapi. Mtazamaji wa televisheni huona pasi ya kizembe tu. Hajui kwamba yule mtu aliamua akiwa anatazama ukuta.

Kipindi cha kwanza kilipita nikijaribu kuizoea kasi. Cha pili ndicho nilichokuja kukiona.

Wachezaji wa hoki hawakai barafuni kwa muda mrefu. Hucheza kwa nguvu zote sekunde 45 hivi, kisha hubadilishana na wenzao mchezo ukiendelea. Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli lakini hazibadilishani mabenchi, kwa hiyo benchi linakuwa mbali na lango ambalo beki analilinda. Akichoka upande wa nyuma, hana njia fupi ya kutoka. Wenyeji walikuwa mbele kwa bao moja, na watano wao walikuwa wamebanwa langoni kwao muda mrefu kupita kiasi. Mmoja, kwa kuzidiwa, akaibutua paki kutoka nusu yao hadi ukingo wa mwisho wa upande wa pili. Hilo ni kosa: mchezo unasimama, paki inarudishwa karibu na lango la aliyebutua. Na tangu msimu wa 2005-06 timu iliyobutua hivyo hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Waliochoka walibaki na uchovu wao. Wageni wakaleta watu wapya watano.

Beki wa upande wetu alikuwa ameinama, gongo amelilaza juu ya magoti, jasho likimdondoka kwenye kidevu. Nilimwona akivuta pumzi mbili ndefu, akakigonga kisigino cha kiatu chake kwa gongo, akajipanga. Paki ikaachiwa, ikaponyoka, ikaingia kwenye kona yetu. Akaifuata. Nyuma yake alikuwa anakuja mshambuliaji mkubwa. Alikuwa na njia tatu: aizungushe nyuma ya lango kwa mwenzake, aibane ukutani mpaka msaada ufike, au aipandishe kwenye kioo iteleze ikiambaa nacho mpaka itoke eneo la hatari. Akachagua ya tatu. Mwishoni mwa kipindi barafu inakuwa imechimbika kwa makali ya viatu. Paki ikasimama kwa ukingo wake wakati uleule gongo lilipoigusa, ikapaa, ikapita juu ya kioo, ikaangukia watu safu chache mbele yetu.

Adhabu ya kosa hilo ni dakika mbili nje, na ilianza msimu huohuo wa 2005-06: mchezaji akiwa kwenye eneo la ulinzi wake, akiitoa paki moja kwa moja juu ya kioo bila kugusa kitu njiani, anakwenda kwenye kibanda cha adhabu, akusudie asikusudie. Refa wa karibu hakukimbilia kuamua. Waamuzi wote wanne walikusanyika, vichwa pamoja. Iligusa kioo? Iligusa gongo la mgeni? Mama mmoja mbele yetu, mwenye jezi ya buluu ya wenyeji, aliapa imegusa kioo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mzee aliniinamia akasema kwa Kiswahili, "Haijagusa kitu, bwana. Mimi pia nawapenda Leafs, lakini haijagusa kitu." Nami niliiona hivyohivyo. Waamuzi wakatawanyika, mmoja akaonyesha ishara, na beki akaondoka kwenda kibandani bila neno.

Nimekuwa mwamuzi na sizipendi sheria zisizojali nia ya mtu. Lakini hii niliikubali palepale, na bado naikubali. Inamuuliza refa swali ambalo jicho linaweza kulijibu: imepita juu, au haikupita? Imegusa, au haikugusa? Haimlazimishi asome moyo wa mtu aliyekuwa na mgongo kwa wenzake na pumzi juu juu. Na kuanzia msimu wa 2024-25 kocha akiona uamuzi huo si sahihi anaweza kuudai uangaliwe kwenye video. Akikosea yeye, timu yake ndiyo inayoadhibiwa. Dai linapotolewa, uangalizi unahusisha chumba cha video cha ligi kilichopo hukohuko Toronto, ambacho hufuatilia mechi zote za ligi. Usiku ule kocha hakudai kitu. Wageni, watano kwa wanne, wakapiga pasi za haraka kuzunguka mstari wa buluu unaotenga eneo la ulinzi, wakamweka mtu mmoja mbele ya macho ya kipa, na shuti la mbali likapita katikati ya miguu. Ikawa sare ya bao moja kwa moja.

Watu watasema beki ndiye aliyefungisha. Mimi nilihesabu tofauti: benchi lililochelewa kubadilisha, mtu aliyebutua kwa kuzidiwa, kisha ndipo beki na paki yake iliyosimama kwa ukingo. Kosa linaloonekana huwa la mwisho katika mnyororo, na wa mwisho ndiye anayetwishwa lawama.

Kipindi cha tatu ikaja zamu ya refa. Fowadi wa wenyeji alikuwa anazunguka nyuma ya lango, gongo la mgeni likaingia kati ya miguu yake, akaanguka. Kutoka tulipokaa lilikuwa kosa la wazi kabisa. Mkono wa refa haukuinuka. Uwanja ukalipuka, maneno waliyomwimbia sitayaandika hapa. Nikamuuliza mzee, "Yule wa karibu alikuwa amesimama wapi?" Akanionyesha: upande wa pili wa lango, na kati yake na tukio walikuwepo mabeki wawili na kipa. Kwenye mita 26 za upana, refa hana pa kusogea. Akisogea zaidi anaingia njia ya paki. Mwenzake alikuwa amebaki karibu na mstari wa buluu, na alichokiona ni migongo.

"Zamani alikuwa mmoja tu," mzee alisema. Akaniambia kisa ambacho Toronto haijakisahau. Mei 27, 1993, Los Angeles, mechi ya sita ya nusu fainali: Maple Leafs walikuwa wanahitaji ushindi mmoja tu kwenda fainali. Muda wa nyongeza. Gongo la Wayne Gretzky lilimpiga Doug Gilmour usoni, damu ikatoka kidevuni. Kwa sheria za wakati ule, damu ilimaanisha Gretzky atolewe. Refa Kerry Fraser hakuliona pigo. Akawauliza washika mstari; hawakumpa jibu la uhakika. Akaamua kutoadhibu asichokiona. Muda mfupi baadaye, Gretzky yuleyule akafunga bao la ushindi. Mechi ya saba ikachezwa Toronto, Gretzky akafunga matatu, Maple Leafs wakaishia hapo. Fraser baadaye alikiri hadharani kwamba uamuzi haukuwa sahihi.

"Nilimchukia mtu yule miaka mingi," mzee aliniambia. "Lakini nikuulize wewe uliyepuliza filimbi. Ungefanya nini?"

Nilimjibu kwamba ningefanya alivyofanya. Refa anayeadhibu kwa kusikia, kwa kuona damu tu au kwa kelele za watu, hana tena msingi wa kusimamia jambo lolote. Dawa ilikuwa kuongeza macho, na macho yakaongezwa: msimu wa 1998-99 ligi ilianza kujaribu marefa wawili, na kufikia 2000-01 ikawa ndiyo kanuni kwa mechi zote.

Wageni walishinda kwa bao moja. Yule beki aliyeadhibiwa alirudi uwanjani, na dakika za lala salama nilimwona akijitupa kifudifudi mbele ya shuti, paki ikampata mbavuni, akanyanyuka akaendelea. Hakuna aliyempigia makofi karibu nasi isipokuwa mzee.

Baada ya mechi tulikwenda nyumbani kwake. Mkewe alitengeneza chai ya maziwa yenye tangawizi, mpwa wangu akatoa simu, na mimi nikaomba kuonyeshwa kosa la beki lililo kubwa kuliko yote. Hawakubishana. Aprili 30, 1986, Edmonton. Oilers walikuwa wamechukua Kombe la Stanley mara mbili mfululizo na walikuwa wanacheza mechi ya saba na majirani zao, Calgary Flames. Ubao ulisoma mbili kwa mbili, kipindi cha tatu. Steve Smith, beki kijana aliyekuwa anatimiza miaka 23 siku hiyohiyo, alisimama nyuma ya lango lake na paki, hakuna aliyembana, akapiga pasi ya kukatisha mbele ya lango. Ikampiga mguuni kipa wake, Grant Fuhr, ikaingia nyavuni. Calgary wakashinda 3-2. Kwenye picha Smith anaanguka chini, na baadaye analia waziwazi.

Tuliirudia mara nyingi. Kama beki nitasema wazi: ile pasi ni marufuku. Hupitishi mpira mbele ya lango lako mwenyewe, iwe nyasi, iwe barafu. Hapakuwa na uchovu wala adui mgongoni wa kumtetea. Fuhr, ambaye mwaka 2003 alikuja kuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuingizwa kwenye lile jumba la Toronto, hakuwa na la kufanya. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1987 Oilers walilirudisha kombe. Kwa desturi nahodha hulipokea, akazunguka nalo, kisha humpa mwenzake anayemtaka. Nahodha alikuwa Gretzky, na mtu wa kwanza aliyempa kombe alikuwa Steve Smith. Smith aliendelea kucheza NHL miaka mingi. Sijui klabu ngapi huku kwetu zingempa beki huyo hata mechi nyingine moja.

Maple Leafs wenyewe wana jeraha la aina hiyo. Mwaka 2018, mechi ya saba dhidi ya Boston, walifungwa 7-4, na beki Jake Gardiner alikuwa barafuni kwa mabao matano ya wapinzani. Alisimama mbele ya waandishi usiku uleule akaubeba mzigo, machozi yakimlengalenga. Mashabiki wengine walimzomea mpaka msimu uliofuata. Mzee alinyamaza hapo, kisha akasema si haki, na mimi nakubaliana naye: kombe halipotei kwa mtu mmoja.

Kisa kinachounganisha beki na refa kwa fundo moja ni cha Aprili 23, 2019, San Jose. Vegas Golden Knights walikuwa wanaongoza 3-0 mechi ya saba, zimebaki kama dakika kumi. Cody Eakin wa Vegas alimsukuma Joe Pavelski kwa gongo kifuani baada ya paki kuachiwa. Pavelski akayumba, akagongana na mwingine, akaanguka kwa kichwa, damu ikamwagika barafuni. Marefa waliiona damu, wakatoa adhabu kubwa ya dakika tano, ambayo haikatizwi hata timu ifungwe mara ngapi. San Jose wakafunga mabao manne ndani ya dakika hizo. Vegas wakasawazisha mwishoni, lakini Barclay Goodrow akawamaliza muda wa nyongeza, 5-4. Ligi iliwaomba radhi Vegas, na msimu uliofuata ikaweka kanuni: adhabu kubwa ya aina hiyo refa lazima aitazame kwenye video kabla haijathibitishwa.

Vegas walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Ila mimi niliyekuwa beki nasema lingine pia. Refa aliwapa dakika tano. Mabao manne waliyaruhusu wenyewe, wakiwa bado wanamfikiria refa. Beki aliyekasirika hachungulii juu ya bega lake.

Kuna jambo moja ambalo silisamehe, na silitii kwenye kapu la makosa. Machi 2021 refa Tim Peel alinaswa na kipaza sauti kilichokuwa wazi akisema alikuwa anataka kuwapata Nashville na adhabu mapema. Ligi ikatangaza hatachezesha tena. Watu wengi wa hoki walisema alikuwa anatamka tu desturi ya zamani ya kusawazisha adhabu, leo huku, kesho kule, ili mchezo usielemee upande mmoja. Fraser hakuona. Marefa wa San Jose waliona vibaya. Peel alikuwa anatafuta asichokiona. Kwa anayepuliza filimbi, tofauti hiyo ni tofauti ya mchana na usiku, na naamini ligi ilifanya sawa.

Kabla hatujaagana mpwa wangu alinionyesha kitu ambacho nimekibeba kurudi nacho nyumbani kuliko kingine chochote. Tangu 2011 NHL ina idara ya usalama wa wachezaji, na idara hiyo ikimfungia mchezaji kwa rafu, haitoi barua kavu. Inatoa video kwa umma: tukio linaonyeshwa polepole, kanuni inatajwa, na sauti ya ofisa inaeleza kwa nini hili ni kosa na kwa nini adhabu ni mechi kadhaa. Unaweza usikubali. Mzee hakubali nyingi. Lakini kila shabiki anajua amepinga hoja gani.

Huku kwetu, kwenye kandanda na kwenye magongo, uamuzi wenye utata huzikwa kwenye ripoti isiyosomwa na mtu, na mwamuzi huachiwa mitaani ajitetee mwenyewe. Nawaomba wanaosimamia ligi zetu waanze na lililo dogo: kipande cha video cha dakika mbili kila baada ya wikendi, kanuni isomwe kwa Kiswahili, na mtu mwenye jina na cheo aeleze refa alisimama wapi, aliona nini, na kama alikosea, ni kanuni gani ingemsaidia. Simu za kurekodi zipo mifukoni mwetu, na waamuzi wastaafu wa kuieleza kazi hiyo tupo.